Gambuti na safari ndefu: kwa nini miguu inaumia

Mvua zikianza huku Kasulu na Kibondo, kandambili zinawekwa kando na gambuti zinatoka. Zinakinga matope, miiba na nyoka, kwa hiyo anayelima bondeni hatumshauri azivue. Tatizo ni pale gambuti hiyohiyo ya shambani inapovaliwa kwenda gulioni, saa mbili au tatu kwa miguu, vilima kupanda na kushuka.

Mpira hauruhusu maji kuingia, lakini pia hauruhusu jasho kutoka. Ukitembea kwa muda soksi inalowa na ngozi inalainika kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Ngozi hiyo ikisuguliwa, tabaka la juu linaachana na la chini, maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge.

Kinachosugua mara nyingi ni ukubwa. Wengi tunanunua namba kubwa ili nyumbani wavae watu wawili kwa zamu. Matokeo yake kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, na kwenye mteremko vidole vinagonga mbele. Ukinunua, jaribu jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana, tena ukiwa na soksi utakazovaa. Kama tayari unayo kubwa, kata kipande cha blanketi kuukuu kwa kipimo cha unyayo, ukilaze ndani. Ukirudi kitoe kikauke.

Soksi ndefu za wacheza mpira, hata za mitumba, zinafaa kuliko za pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hukaa na maji. Beba jozi ya pili. Mkipumzika, vua, pangusa katikati ya vidole, badili. Kisigino kipake mafuta ya mgando kabla ya kutoka.

Lengelenge dogo usilitoboe. Ngozi ya juu ni kinga. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Majivu na ugoro, hapana: uchafu kwenye kidonda unaweza kuleta pepopunda.

Mwenye kisukari ana hatari zaidi. Miguu yake ikiwa na ganzi, anaweza kutembea na kokoto ndani ya gambuti asiisikie. Akague nyayo kila jioni, na kidonda, hata kisichouma, akipeleke zahanati mapema. Wapo wanaokatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo.

Usiku usizianike karibu na moto, mpira utapasuka. Zipindue juu ya vijiti, na asubuhi zikung'ute kabla ya kuingiza mguu. Nge hupenda kujificha humo.