Dhamana ya Haibridi Yaishia Bandarini

Biashara ya magari ya haibridi, ambayo huko Ujapani na Marekani huendeshwa kwa matangazo na ahadi za kiwanda, hapa Kampala huendeshwa kwa neno la fundi. Na kwa kuwa magari mengi yaingiayo Uganda yamekwisha kutumika kwingine, mnunuzi wa mtaa wa Namuwongo hashughuliki na sifa zilizoandikwa na mtengenezaji, bali humwendea makanika aliye karibu na reli akamwuliza kama betri kubwa ingali na uhai. Jibu la fundi huyo ndilo linalopandisha bei au kuiangusha.

Watengenezaji nao walikuwa na hesabu yao. Prius ilipotoka Desemba 1997, na hasa toleo lake la pili lilipofuata mwaka 2003, ilipewa umbo lisilofanana na gari jingine, ili mwenye kuiendesha atambulikane njiani kuwa ni mtu wa fikira za kisasa, ilhali washindani walioitia mashine ya haibridi ndani ya gari la kawaida hawakupata sifa kama ile. Jina lilipokwisha kukolea likaanza kugawanywa: Aqua, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2011, iliuzwa katika baadhi ya nchi kwa jina la Prius c, na mwaka 2013 Axio na Fielder nazo zikapata haibridi zao, nembo zikitiwa rangi ya buluu kuwa ndiyo alama. Mwanzoni mwa 2017 mtengenezaji wa Prius alikwisha kuuza haibridi zaidi ya milioni 10, na miaka miwili baadaye akatangaza kuwa hataza zake zipatazo 24,000 zingetumika bila malipo, jambo ambalo wengine waliliita ukarimu na wengine wakaliona ni hila ya kuwavuta wenzake waifuate njia yake. Katika hesabu yote hiyo, mmiliki wa tatu wa gari, aliye mbali na bahari, hakutiwa.

Mfanyabiashara mmoja wa magari, ambaye huagiza kutoka minada ya Ujapani kupitia Mombasa, na ambaye hakupenda jina lake litajwe, ana malalamiko marefu juu ya jambo hili. Asema kuwa gari la haibridi huja na nembo ya buluu yenye kung'aa, lakini nembo hiyo, badala ya kumvuta mteja, humtia hofu, hata baadhi ya wenzake huibandua kabla ya kuliweka gari uwanjani. Kwamba gari likikaa bondi, yaani ghala la forodha, miezi kadhaa likingoja ushuru, betri hupungua nguvu yenyewe, na hasara hiyo haina wa kuilipa. Na kwamba akipeleka lalamiko kwa wakala wa mtengenezaji, huambiwa kuwa gari halikununuliwa kwake, kwa hiyo dhamana haimhusu. Uchungu wake mkubwa ni katalogi. Aqua ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita katika kipimo cha Kijapani, na dereva wa teksi aliyeamini takwimu hiyo, akakutana na milima ya Muyenga na mashimo ya njia, hurudi baada ya mwezi akidai ameuziwa gari bovu, ilhali gari ni zima na uwongo uko katika karatasi. Mfanyabiashara huyu naye ana maslahi yake, maana huyo anayeilaumu katalogi ndiye aliyeionyesha siku ya kuuza.

Gereji za Namuwongo zimejifunza kazi hii bila mwalimu. Fundi huchomoa kwanza plagi ya usalama, husubiri dakika kadhaa umeme uliobaki utulie, ndipo agusapo nyaya za rangi ya chungwa. Kisha huondoa kiti cha nyuma, na mara nyingi aibu ya kwanza huonekana kwenye feni ya kupoozea betri, iliyozibwa na vumbi jekundu na nywele za zulia. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28, jumla ya volti takriban 201, na ya Aqua ina 20. Fundi hupima kimoja kimoja, hukwangua kutu ya kijani kwenye shaba inayoviunganisha, na vile vilivyokufa hubadilishwa kwa vingine vilivyotolewa katika betri kuukuu. Betri ya namna hii hurudi barabarani, ila vipande vya umri mbalimbali havichoki pamoja, na mteja huonekana tena.

Afisa mmoja wa serikali, alipoulizwa juu ya magari ya namna hii, alirejea takwimu ambazo wasomaji wamezisikia: usafiri wa umma na pikipiki kuwa vya umeme ifikapo 2030, na magari ya watu binafsi ifikapo 2040, maadamu nchi ina umeme wa maji wa kutosha, bwawa la Karuma peke yake likiwa na megawati 600. Hesabu hiyo ni nzuri karatasini. Umeme ukikatika jioni, wakaao bondeni mwa Namuwongo hawaulizi Karuma ina megawati ngapi, na hapana aliyeeleza mafundi watakaozihudumia gari hizo watafundishwa wapi. Ushuru wa mazingira nao hutazama umri wa gari, na sheria ya 2018 inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yakiwa na umri mmoja, haibridi iliyotunzwa na gari la petroli linalotoa moshi huhesabiwa sawa. Rwanda iliziondolea haibridi kodi mwaka 2021, kisha mwaka 2025 ikaanza kuzirudishia, nao wafanyabiashara wa Kampala wanaogopa kwamba hata msamaha ukija hautadumu.

Petroli ilipopanda sana mwaka 2022, waulizaji wa haibridi waliongezeka. Iwapo itapanda tena huenda wakarudi, na huenda wasirudi, kwa kuwa habari ya betri mbovu huenea upesi kuliko habari ya lita zilizookolewa. Hadi hapo, msomaji anayekusudia kununua na amchukue fundi wake hadi bondi, amfungulishe kiti cha nyuma na kupima vipande vyote betri ikiwa na mzigo wa umeme, kabla ya kutoa arubuni.