Aibu iko kwenye gari, si kwako

Wabongo wana neno moja tamu: kimeo. Simu inazima kila saa? Kimeo. Friji haigandishi? Kimeo. Na gari jipya, limetoka dukani na plastiki bado kwenye viti, halafu kila mwezi liko gereji kwa ugonjwa uleule? Hilo ndilo kimeo lenyewe. Wamarekani huliita limau, na wana sheria kabisa zinazoitwa kwa jina la tunda hilo.

Kwenye episodi tuligusia tu habari hii, muda ukatuishia. Naandika yaliyobaki hapa, manake kwetu Muaither si habari ya mbali. Tuko pembeni mwa Doha: kazi iko mbali, shule iko mbali, na mwezi wa saba hakuna wa kutembea juani. Gari jipya kwa familia nyingi zetu ni mkopo wa miaka. Gari likilala gereji, benki haijali. Mwisho wa mwezi inakata pesa yake vilevile.

Ami yangu yalimfika. Gari lina miezi minne tu, gia zikaanza kusumbua: anakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Sasa fikiria hilo linatokea katikati ya raundabauti, malori yanakuja. Alilipeleka kwa wakala mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara anaambiwa, "Liko sawa sasa," anapewa ufunguo, basi. Hakuna karatasi. Nikimwambia ashtaki, jibu lake ni lilelile: "Aibu, mwanangu. Sisi ni wageni hapa. Mtu hagombani na watu kwa ajili ya gari."

Hapo kwenye "aibu" ndipo nataka tusimame kidogo.

Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na huko lina maana mbili. Moja ni ile tunayoijua, jambo la kuona haya. Ya pili ni kasoro ya kitu. Kasoro ya kiwandani Waarabu wanaiita *aib masnai*. Wazee waliosoma fiqhi watakwambia kuna hata haki ya mnunuzi inayoitwa *khiyar al-aib*: ukikuta kitu ulichouziwa kina kasoro, una hiari ya kukirudisha. Ndiyo, hiari hii hii yetu. Na dhamana ni *dhaman*, haki ni *haq*, wakala ni *wakala*. Yaani karatasi ile ya gari unayodhani huielewi, nusu ya maneno yake umeyasikia jikoni kwa mamako.

Tuje kwenye sheria. Hapa Qatar haki hii imo kwenye Sheria Na. 8 ya 2008 ya kumlinda mlaji. Kasoro ikigundulika kwenye bidhaa, muuzaji anatakiwa akubadilishie, au airudishe na akurejeshee pesa zako. Sheria haiulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Kuna pia Kanuni ya Madai, Sheria Na. 22 ya 2004, inayohusu kasoro zilizojificha. Hii ina masharti mawili ya kuangalia. Kwanza, ukiigundua kasoro umwarifu muuzaji bila kuchelewa, la sivyo utahesabiwa umeikubali. Pili, madai hayo hufa mwaka 1 baada ya kukabidhiwa kitu, isipokuwa muuzaji amekubali kukupa dhamana ya muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukinyamaza kwa kuona haya, siku zinakwisha, na zinamwishia mnunuzi.

Kwa binamu zetu walioko nje: Connecticut ndiyo iliyotangulia kuwa na sheria ya limau, mwaka 1982, na leo kila jimbo la Marekani lina yake. California inahesabu hivi: ndani ya miezi 18 au maili 18,000, kama gari limejaribiwa kutengenezwa mara 4 kwa kasoro ileile, au mara 2 kama kasoro yenyewe inaweza kuua, au limekaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, sheria inachukulia kwamba kampuni imepewa nafasi ya kutosha. Walioko London wana Sheria ya Haki za Walaji ya 2015. Ndani ya siku 30 unaweza kulikataa gari lenye kasoro na kudai pesa zako. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi 1 ya kutengeneza au kubadilisha. Akishindwa, unaweza kulikataa, au ubaki nalo upunguziwe bei.

Umeona zote zinaenda wapi? Kwenye hesabu. Limeingia gereji mara ngapi, limekaa siku ngapi, na nani anaweza kuthibitisha. Ndipo ami alipokuwa anaumia. Safari tatu za gereji bila karatasi, kwa mtu wa tatu, ni kama hajaenda.

Mara ya nne nilikwenda naye. Tukakataa kuondoka mpaka waandike: tarehe gari lilipoingia, kilomita, malalamiko kwa maneno ya mwenye gari, walichofanya, na tarehe lilipotoka. Jioni ile tukawatumia ujumbe wa maandishi, kwa Kiarabu, wa kuwakumbusha safari tatu za mwanzo. Neno *aib* tuliliweka mstari wa kwanza. Gari lilipokwama tena, tukapeleka malalamiko Wizara ya Biashara na Viwanda. Namba yao ni 16001. Tulitaka gari jingine, hatukulipata. Lakini gia nzima ilibadilishwa bila malipo, na dhamana mpya ya gia ikaandikwa. Ami anaendesha hadi leo.

Jambo moja watu hulichanganya. Wizara ikitangaza kwamba magari ya aina fulani yarudishwe kwa wakala kurekebishwa, hiyo ni kasoro iliyokwisha kukubaliwa na kampuni yenyewe. Nenda tu, hulipi. Kasoro ya gari lako peke yako haitangazwi na mtu. Ni wewe wa kuisema.

Wazazi wetu walikuja huku na adabu ya mgeni, na adabu hiyo imetulinda sana, siibezi. Ila kudai ulichonunua si ukosefu wa adabu. Kama kuna mzee nyumbani ana gari jipya linalomsumbua, muulize leo swali moja tu: "Karatasi za gereji ziko wapi?" Hana? Basi safari ijayo ya gereji, mwende pamoja.