Kupoza Kabla ya Kupasha Joto: Usanifu wa Nyumba ya Vioo ya Mimea katika Mazingira ya Mbuya, Kampala

Nyumba za vioo za mimea zilienea Ulaya kwa sababu ya baridi. Jumba la Mitende la Kew, London, lililojengwa kati ya mwaka 1844 na 1848, lilipashwa joto kwa matanuri ya makaa ya mawe ili mimea ya tropiki isife. Makala hii inaeleza kwa nini kielelezo hicho hakifai kunakiliwa Mbuya.

Mbuya ni kilima kilichopo mashariki mwa Kampala, karibu na Ikweta, katika mwinuko wa takriban meta 1,200. Usiku wa kawaida hauhatarishi mimea mingi; hatari hutokea adhuhuri. Chukua nyumba yenye sakafu ya meta 100 za mraba. Jua la wati 800 kwa kila meta ya mraba, likipenya kwa asilimia 70, huingiza kilowati 56. Tukikadiria kwamba nusu yake hutumika kuvukiza maji majanini na udongoni, hubaki kilowati 28 za kuondolewa. Ili joto la ndani lisizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi, zahitajika takriban meta 5.4 za ujazo za hewa kila sekunde. Ikiwa nyumba ina ujazo wa meta 400, hewa yote sharti ibadilishwe kila baada ya sekunde 75 hivi. Aidha, hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10; feni iliyokadiriwa kwa usawa wa bahari haitatosha.

Mwelekeo wa jengo nao hubadilika. Jua la adhuhuri huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba; hivyo, pande zote mbili za paa zahitaji wavu wa kivuli. Ukungu wa maji husaidia alasiri kavu, lakini hewa ikijaa unyevu hauna nguvu ya kupoza.

Kupasha joto kuna nafasi finyu: kupunguza unyevuanga alfajiri, ambao huchochea magonjwa ya kuvu. Hata mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, yanakotumia jotoardhi, hunufaika kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, wanaoandaa zabuni wadai kwanza matundu mapana ya paa, kivuli, na hesabu ya hewa inayolingana na mwinuko. Jengo litegemealo umeme pekee kupozwa huweza kupoteza mimea yake umeme ukikatika adhuhuri moja tu.