Tuiache Wazi Njia ya Mtaa

Mji ukikua nyumba husogeleana. Huku kwetu Utemini, katika Manispaa ya Singida, tunaishi karibu karibu: ua mmoja familia kadhaa, ukuta kwa ukuta na jirani, na katikati kinjia chembamba. Pengine jiwe kubwa nalo limekaa hapo, na mawe ya Singida hayasogezwi. Zamani njia hizo zilitosha, maana wengi walipita kwa miguu au baiskeli. Leo kuna pikipiki, bajaji na magari, na mengi hulala njiani, kwa kuwa kiwanja cha ujazo mkubwa kikishajengwa hakibakizi nafasi.

Sisi wauguzi tunajua gharama yake. Mama akishikwa na uchungu usiku, au mtoto akipata degedege, kila dakika ina thamani. Gari la wagonjwa likikuta njia imezibwa, mgonjwa atabebwa mikononi hadi barabarani. Gari la zimamoto nalo litakwama hapo hapo. Tena watoto wetu wasio na uwanja hucheza nyuma ya magari yaliyoegeshwa, mahali ambapo dereva anayerudi kinyumenyume hawaoni.

Je, dawa ni kupanua njia? Kupanua njia ni kubomoa nyumba za watu. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, imetegemea zaidi usafiri wa pamoja. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu daladala kwa kuwa mabasi ya UDA hayakutosha. Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, katika njia yao wenyewe. Kusukumana vituoni hakujaisha, lakini tufanye hesabu: basi moja refu hubeba zaidi ya watu 100. Watu 100 wakipanda magari madogo, wanne wanne, ni magari 25, na yote yatatafuta pa kuegesha.

Hapa Singida hatuna mwendokasi, ila tuna daladala, bajaji na miguu yetu. Tunaweza kuanza hivi:

1. Tuzungumze na baba watoto kabla ya kununua gari: litalala wapi? Kama ni njiani, tulitafutie kwanza mahali.

2. Katika mkutano wa mtaa tuombe njia ya gari la wagonjwa iachwe wazi usiku na mchana. Wenye magari wanaweza kuyalaza pamoja mahali pamoja na kumlipa mlinzi mmoja.

3. Kwenda sokoni au ibadani, majirani tuongozane. Kama si mbali, tutembee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma. Nusu saa kwa siku tano yatosha, na husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari.

4. Tukipanda bodaboda tuvae kofia ngumu, wala tusikubali watoto wetu wapakiwe mishikaki.

Hatuwachukii wenye magari. Gari la jirani ndilo mara nyingi hutukimbiza hospitali usiku. Tunachoomba ni kwamba lisilale mahali anapopita mgonjwa.