Kinanda cha Chuma na Kinanda cha Kompyuta: Hesabu za Muziki Mpakani Busia

Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, wadi ya Namboboto Nambuku na soko la Funyula, katika eneo la Samia, hazimkoseshi mpiga kinanda kazi. Ijumaa kuna mkesha wa matanga, Jumamosi mazishi au harusi, Jumapili ibada. Mjini Busia na Malaba kazi huongezeka: studio ndogo za kurekodi injili, vikundi vya ohangla, kwaya zinazotaka biti kabla ya mashindano. Kote huko anayetafuta mtaji hukumbana na swali moja. Anunue kinanda chenyewe, au anunue laptopu na kuijaza programu zinazoiga vinanda vilivyoundwa Japani na Marekani miaka arobaini hivi au zaidi iliyopita?

Kwa upande wa sauti, naamini programu zimeshinda, na nyingi zimeshinda bure. Ila mteja wa Samia hulipia pia kufika kwa wakati, kuwaka bila shida na kudumu hadi alfajiri. Hapo ndipo kinanda cha chuma bado kinamlisha mwenyewe.

Tuanze na sauti. Ile piano ya umeme yenye mlio wa kengele, ambayo wapiga kinanda wengi wa kanisani huikimbilia pambio likipungua kasi, ilienezwa na Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Ilitoka kwa bei ya dola 1,995 na ikanunuliwa na watu zaidi ya laki moja duniani. Msingi wake aliugundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: wimbi moja la sauti likitikiswa kwa kasi na jingine huzaa milio ambayo haikuwamo katika lolote kati ya hayo mawili. Stanford iliipa Yamaha leseni ya ugunduzi huo na ikavuna zaidi ya dola milioni 20 kabla hataza haijaisha katikati ya miaka ya 1990. Ndani ya DX7 mna opereta sita, yaani vyanzo vya mawimbi hayo, zinazoungana kwa mipangilio 32, na kazi yake yote ni hesabu za namba tangu mwanzo hadi pale zinapogeuzwa kuwa umeme wa spika.

Hiyo ndiyo sababu DX7 haikuwa ngumu kuigwa. Anayeziandika upya hesabu zilezile hupata mlio karibu uleule, na tofauti iliyobaki hutokana na chipu za zamani na ukwaruzo wake. Programu ya Dexed haina bei, na inazisoma sauti ambazo wapiga kinanda wa miaka ya themanini walizihifadhi kutoka kwenye DX7 zao. Injini yake ilitokana na kazi iliyofanywa Google ya kuunda sinthesaiza ya simu za Android. Kijana wa Namboboto mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuwa na piano hiyo leo jioni, mradi ana bando la kuipakulia.

Korg M1 ya mwaka 1988 ina hadithi fupi zaidi. Yenyewe ilikuwa ghala la sauti zilizorekodiwa, zilizobanwa katika kumbukumbu ya megabaiti nne tu, na Korg wenyewe wanaiuza sasa kama programu. Mwenye mali akishaiuza nakala, ubishi juu ya uhalisi hauna faida kwa mfanyabiashara.

Penye ubishi wa kweli ni mashine za analogi. Minimoog ya mwaka 1970 haikuwa na namba ndani yake. Ilikuwa na transista na kapasita ambazo mlio wake huyumba joto linapobadilika, na kuyumba huko ndiko kunakopendwa. Programu lazima ikisie tabia ya kila kipande cha saketi, tena mara maelfu kwa sekunde. ReBirth, iliyotolewa na Propellerhead mwaka 1997 kuiga mashine za Roland TB-303 na TR-808, ilitambulika na wengi kuwa mwigo. Miigo ya leo, wimbo ukishachanganywa na ngoma na waimbaji, ni vigumu kuitofautisha na mashine yenyewe. Moog walipoirudisha Minimoog sokoni mwaka 2022 waliiuza dola 4,999, yaani karibu shilingi 645,000 za Kenya kwa kiwango cha 129 kwa dola, kabla ya usafiri na kodi. Hakuna idadi ya nyimbo za injili ambayo studio ya Busia ingerekodi ikairudisha pesa hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ya Moog yenyewe ilinunuliwa na inMusic, hivyo hata waundaji wa mashine hizi hawakuwa na usingizi wa raha.

Basi kwa nini vinanda vingali vinanunuliwa? Nenda kwenye mkesha wa matanga upate jibu. Umeme unatoka kwa jenereta ya petroli, na nguvu yake hupanda na kushuka. Vumbi ni la kutosha, umande unashuka usiku wa manane, na mpangaji shughuli ameshaagiza wimbo mwingine kabla huu haujaisha. Kinanda cha Yamaha cha mfululizo wa PSR kikikatikiwa na umeme huwaka tena ndani ya sekunde chache, na vile vidogo hukubali betri za kawaida za dukani. Laptopu inapaswa kuamka, kufungua programu, kupakia sauti, kisha kuitambua tena kibodi iliyochomekwa kwa waya. Betri yake ikiwa nzima, hatari hupungua, lakini laptopu za mtumba hufika nyingi betri zikiwa zimechoka.

Tena kuna kuchelewa kwa sauti. Mpiga kinanda akibonyeza na sauti ikaja baada ya milisekunde zaidi ya kumi hivi, vidole vyake huanza kuhisi kuchelewa huko, na kwenye mwendo wa haraka wa ohangla huachana na ngoma. Laptopu bila kiunganishi cha sauti cha nje huwa na ucheleweshaji mkubwa kuliko huo, na wengi hujisaidia kwa ASIO4ALL, programu ya bure inayoupunguza. Studioni si tatizo kubwa, kwa kuwa noti husogezwa baadaye kwa kipanya. Jukwaani hakuna baadaye.

Kwa hiyo soko limejigawa bila amri ya mtu. Studio zimekwenda kwa programu, na FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ndiyo inayotajwa zaidi na vijana wa biti. Shughuli za hadhara zimebaki na kinanda, ambacho hukodishwa pamoja na spika, mikisa na jenereta. Biashara hiyo ya kukodisha ina hatari yake. Serikali imepiga marufuku disko matanga, yaani dansi za usiku kwenye matanga, mara kadhaa magharibi mwa Kenya, na anayekodisha vyombo kwa mkesha anapaswa kuliweka hilo katika hesabu yake ya mwaka.

Kinanda hulipiwa mengi kabla ya kufika Funyula. Vingi hutengenezwa Indonesia au China. Vikiingia Kenya hutozwa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya kuendeleza reli ya asilimia 2. Wakazi wa Malaba hulipa tozo hiyo ya reli kama wengine, ingawa reli ya kisasa iliishia upande wa Naivasha mwaka 2019. Wapo wanaodhani kwamba kununua Uganda ni nafuu kwa sababu mpaka ni hatua chache. Uganda inatoza VAT ya asilimia 18, na cheti rahisi cha asili wanachotumia wafanyabiashara wadogo kuvusha mizigo isiyozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kinanda cha Indonesia hakimo. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimefupisha foleni bila kuibadilisha sheria hiyo.

Programu nayo haipiti pale forodhani, lakini VAT ya asilimia 16 inaifuata mtandaoni. Malipo yalikuwa kikwazo kwa wasio na kadi ya benki hadi Safaricom na Visa walipoanzisha kadi ya mtandaoni ya M-Pesa mwaka 2022. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtindo wa kulipa kila mwezi. Kifurushi kikubwa cha Roland Cloud, chenye miigo ya Juno-106 na mashine nyingine za kampuni hiyo, kimekuwa kikitozwa dola 19.99 kwa mwezi, karibu shilingi 2,600. Msanii wa Samia hupata pesa kwa msimu: Desemba hujaa harusi, Februari hukauka. Leseni ya kununuliwa mara moja inamfaa zaidi, na ndiyo maana masasisho ya bure ya maisha ya FL Studio ni hoja nzito kuliko ubora wa sauti zake.

Nakala zisizo na leseni zipo, huhamishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Nawaelewa wanaozitumia, lakini siwaungi mkono. Nakala iliyovunjwa inaweza kubeba virusi vinavyofuta kazi ya mteja aliyekwisha kulipa, na programu za Dexed, Vital na Surge XT zinapatikana kihalali bila senti.

Jambo moja linaloachwa nje ya hesabu ni kuuza tena. Kinanda kilichotumika miaka mitano bado kina mnunuzi, na katika chama kinaweza kusimama kama dhamana ya mkopo. Leseni nyingi za programu hazihamishiki, au huhamishika kwa masharti ya mwenye kampuni. Kikundi cha vijana kinachokopa kianze na kinanda cha kawaida chenye tundu la USB, kwa kuwa kitapiga kwenye shughuli na papo hapo kitatumika kama kibodi ya kuendesha programu studioni.

Fursa iliyo karibu zaidi na Malaba sijaitaja bado. Yamaha ina mfululizo wa PSR-A kwa soko la Kiarabu na PSR-I kwa India. Mpaka huu nao una milio yake: Iteso wanaoishi hapa wana akogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, yenye milio isiyokaa sawasawa na funguo za piano. Surge XT na Dexed hukubali faili za skeli za muziki, hivyo milio hiyo inaweza kupangwa jinsi ilivyo, na vinanda vingi vya bei ndogo haviruhusu hilo. Prodyuza anayemiliki maikrofoni nzuri anaweza kurekodi kila chuma cha akogo kwa nguvu mbalimbali na kuziuza sauti hizo kwa watengeneza biti popote duniani. Kabla ya kuuza asome Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii iridhie na ipate sehemu yake. Na Iteso wako pande zote mbili za Mto Malaba, hivyo mazungumzo ya mgao yataanzia Amukura na kuvuka hadi Tororo.