Fowili ya nini kama safari zako ni Mwanga na Ujiji?

KIJANA wa Kigoma akishakusanya vijisenti vyake vya dagaa, mawese au mshahara na kuvuta gari, swali la kwanza analotupiwa kijiweni ni moja tu: "Hiyo ni fowili?" Akijibu siyo, washikaji wanaangua kicheko. Eti bila fowili, yaani gari ambalo injini inasukuma magurudumu yote manne, mkoa huu huuwezi.

Hebu tuambizane ukweli, kabla hujaingia kwenye deni kwa ajili ya sifa za kijiweni.

FOWILI INASAIDIA NINI?

Tuwili (sina maana ya baiskeli!) ni gari ambalo injini inasukuma magurudumu mawili tu, ya mbele au ya nyuma, na mengine yanafuata kama mkokoteni. Ukipanda kilima chenye utelezi na gari linalovuta kwa mbele, uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi na kuanza kusaga matope. Pikapu inayosukuma kwa nyuma nayo ikiwa tupu inacheza kiduku. Ndiyo maana madereva wajanja wanaitupia viroba vya mchanga.

Fowili inagawa nguvu mbele na nyuma, hivyo inajinasua penye utelezi. Lakini shika hili, dada na kaka: inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Kwenye breki magari yote yana magurudumu manne! Anayeshuka mlima kwa kasi wakati wa mvua kwa kujidai ana fowili, mtaroni atamkuta mwenzake wa tuwili anamsubiri.

Tena fowili ya kawaida, isiyo na loki ya difu, inaweza kukwama kiulaini. Tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikining'inia au zikizama kwenye tope, zinazunguka hizo hizo, na mbili zilizobaki zinakodoa macho tu.

BARABARA YAKO NI IPI?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Kama maisha yako ni Kigoma mjini, Mwanga na Ujiji, unatembea kwenye lami. Ukienda Mwandiga mpaka Manyovu, mpakani na Burundi, ni lami pia. Huko fowili ni mzigo: difu mbili, propela mbili, oili zaidi, spea zaidi na mafuta zaidi. Tuseme gari dogo linakwenda kilomita 12 kwa lita, na dude la fowili kilomita 8. Kila kilomita 240 umechoma lita 20 kwa la kwanza na 30 kwa la pili. Hizo lita 10 za ziada unalipia sifa.

Kwa mtu kama huyo, tuwili iliyoinuka kidogo chini, yenye tairi zenye meno mazima, ni bomba kabisa. Fowili yenye tairi kipara itashindwa na tuwili yenye tairi mpya, usibishe!

Ila wewe muuguzi wa kijijini, mkandarasi, au mfanyabiashara unayefuata migebuka kusini kando ya ziwa, njia ya Ilagala mpaka Kalya, habari yako ni nyingine. Huko ni udongo, vilima na makorongo, na mvua za Kigoma zikianza mwishoni mwa mwaka zinakwenda mpaka Aprili au Mei. Usiku wa mvua una mama mwenye uchungu kiti cha nyuma, unatakiwa umfikishe hospitali ya Maweni, hapo hakuna cha sifa. Fowili ni uhai wa mtu. Tena chukua fowili ya kweli, yenye ile gia ya 4L inayotambaa polepole kwa nguvu.

Na mchanga wa ufukweni? Punguza upepo wa tairi, kutoka pauni 32 hivi mpaka kama 20, tairi itanuke isizame. Ukirudi kwenye lami jaza tena haraka, la sivyo utaipasua.

Halafu kuna Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Huko hata uwe na shangingi la bei mbaya, utaliacha mjini upande boti Kibirizi, maana barabara ya gari ndani ya hifadhi hakuna. Ziwa halijui fowili!

KABLA HUJATOA MKWANJA

Usidanganywe na umbo. RAV4, kwa mfano, zipo za fowili na zipo za tuwili, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Inama uchungulie uvunguni: kama hakuna propela inayokwenda kwenye difu ya nyuma, mara nyingi hiyo ni tuwili.

Kwa pikapu na Land Cruiser, angalia kama propela ya mbele ipo, maana kuna zilizong'olewa. Kisha nenda na fundi wako mahali penye udongo, ingiza 4H, halafu simama uingize 4L. Ikigoma au ikipiga kelele za vyuma, shusha bei au aga uende zako.

Ukishalinunua, usitembelee 4H kwenye lami kavu kama gari lako ni la kuchomeka na kuchomoa fowili. Kwenye kona tairi za mbele na za nyuma hazizunguki sawa, vyuma vinabanana, mwishowe giaboksi ya fowili inakufa. Hapo utaijua bei ya spea kutoka Dar.

Kwa hiyo wakikuuliza kijiweni, nawe waulize: "Mimi naenda wapi?" Hesabu safari zako za mwaka mzima. Kama matope unayaona mara mbili tu, kodi fowili siku hizo mbili, chenji nunulia kiwanja. Stanley alifika Ujiji mwaka 1871 kwa miguu, na wapagazi wakabeba mzigo. Wewe usikubali kuwa mpagazi wa gari lako mwenyewe.

Wiki njema, na uendeshe polepole!