Laptopu Inayolala Mang'amung'amu

Saa nane usiku, katika gesti moja mjini Tororo, kitu kilianza kuvuma juu ya meza. Radi ilikuwa imeshapita, mbwa wamenyamaza, na laptopu yangu nilikuwa nimeifunga tangu saa tatu, waya wa umeme ukiwa bado umechomekwa. Nikaweka kiganja ubavuni mwake, penye tundu la kutolea hewa. Upepo ulikuwa wa moto kama wa pasi. Skrini giza, kifuniko kimefungwa, lakini ndani kazi inachapwa. (Vitabu vya shule huiita kipakatalishi. Huku mpakani hata mwalimu wa Kiswahili yake ikimharibikia huuliza fundi wa laptopu yuko wapi.)

Kulipokucha nikashuka Busia, upande wa Uganda, kwa kijana mmoja aliyeweka meza yake karibu na stendi ya bodaboda. Mahali penyewe panafaa kwa habari za vitu visivyotulia. Je, wajua kwamba hata jina bodaboda linasimuliwa kuwa lilizaliwa mpaka huu huu, enzi za waendesha baiskeli waliobeba abiria na mizigo kati ya forodha mbili, boda hadi boda? Nikamwambia kijana feni yangu imekufa. Hakushika bisibisi. Aliiwasha laptopu, akaiangalia, akasema, "Mzee, feni yako haina kosa. Hii mashine hailali, inasinzia tu."

Maneno hayo yanastahili kufafanuliwa, kwa sababu wengi wetu hukimbilia kununua feni mpya. Feni haiamui lolote. Kuna vihisio vya joto ndani ya prosesa na karibu nayo, na kuna chipu ndogo inayovisoma na kuiagiza feni iende mbio au polepole. Feni ikivuma, maana yake kuna joto, na joto maana yake kuna kazi. Swali la kwanza ni nani anafanya kazi usiku.

Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni iitwayo ACPI, iliyopanga usingizi wa kompyuta kwa madaraja. Daraja la S3 ndilo usingizi tuliouzoea: prosesa inazimwa, feni inasimama, kumbukumbu peke yake ndiyo inayonyweshwa umeme kidogo ili kazi yako isipotee. S4 ni usingizi wa pono. Kila kitu huandikwa kwenye diski, umeme unakatwa kabisa, na radi ikipasua usiku mzima yenyewe haina habari.

Halafu zikaja simu, watu wakataka laptopu nazo ziamke papo hapo na kupokea barua pepe zikiwa zimefungwa. Windows 8, mwaka 2012, ikaleta namna mpya ya kulala, na Windows 10 ikaieneza mwaka 2015 kwa jina la Modern Standby. Kwa Kiswahili tuna neno lake tangu zamani: mang'amung'amu. Mashine haijalala wala haiko macho. Prosesa imepunguzwa nguvu tu, Wi-Fi inaweza kubaki hewani, na ikiwa kwenye umeme wa ukutani inaweza kuamua kuwa huu ndio wakati mzuri wa kupakua masasisho. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina tena S3. Watengenezaji wameiondoa, na kwa maoni yangu wametukosea sisi tunaolala chumba kimoja na mashine zetu.

Kijana alifungua dirisha jeusi la amri akaandika powercfg /a. Jibu lilionyesha kuwa S3 haipo. Akaandika powercfg /sleepstudy, ikatoka ripoti ya siku kadhaa zilizopita, usiku baada ya usiku, kila kipande na kilichokula umeme. Ule usiku wa Tororo mashine ilikuwa inajisasisha kwa Wi-Fi ya gesti. Wenye laptopu za zamani zenye S3 wataandika powercfg /lastwake kujua nani aliyeiamsha mara ya mwisho, na powercfg /waketimers kujua nani amepanga kuiamsha tena. Mara nyingi ni kipanya kilichoguswa, kadi ya mtandao, au matengenezo ya Windows yenyewe, ambayo kwa kawaida yamepangwa saa nane usiku. Saa ile ile.

Lakini kwa nini ipige kelele namna ile? Hapo ndipo bisibisi iliposhikwa. Chini ya kifuniko niliona mrija bapa wa shaba ukitoka kwenye prosesa hadi penye mapezi membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana. Ndani ya mrija mna maji kiasi cha matone tu. Yakipata moto huwa mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hurudi kuwa maji, na maji hurejea kupitia utambi. George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alitengeneza mrija wa aina hii mwaka 1963 akiwaza mitambo ya anga za juu. Kati ya feni yangu na mapezi hayo kulikuwa na zulia. Sitii chumvi: kijana alilibandua zima kwa koleo, la kijivu, nene kama kitambaa cha koti. Nyuzi za nguo na blanketi hutangulia kunasa, kisha vumbi la barabara ya malori hujaza nafasi zilizobaki.

Na Tororo iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane, hivyo feni hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko na hulazimika kukimbia zaidi. Kukimbia kuna gharama: mwendo ukiwa mara mbili, umeme unaoliwa ni mara nane, na kelele hupanda kwa takriban desibeli 15.

Alisafisha kwa brashi na kipuliza cha mkono, huku panga za feni amezizuia kwa kijiti, kwa kuwa kuzizungusha mbio kwa upepo huharibu beringi. Usikubali kupulizwa kwa kompresa ya matairi. Hewa yake hubeba maji na mafuta. Kama baada ya kusafishwa sauti ni ya kukwaruza badala ya kuvuma, hapo beringi imekwisha, na hapo ndipo feni inunuliwe.

Mwisho akaingia kwenye mipangilio akaweka kwamba nikifunga kifuniko, mashine iende S4. Inachelewa kidogo kuamka. Sijali, kwa maana hata umeme ukikatika na betri ikiwa mbovu, barua niliyoacha nusu naikuta nusu.

Nawe kabla hujaitia laptopu mkobani na kupanda bodaboda, weka kiganja ubavuni mwake. Ikiwa upepo unatoka, bado iko macho, na ndani ya mkoba haina pa kupumulia.